Anwani za intaneti zisiuzwe kama mahindi ya msimu

Mkulima wa Mpanda anayeuza mahindi yote wakati wa mavuno anajua atayanunua kwa bei gani njaa ikibisha hodi. Anwani za intaneti, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, nazo zina soko. Za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu duniani, na msajili wa Ulaya aliishiwa akiba mwaka 2019. AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao Mauritius, huruhusu zihamishwe ndani ya Afrika pekee. Wapo wanaotaka mlango ufunguliwe kwa mabara mengine, eti biashara huria. Huria kwa nani? Mwenye dola atazizoa, kisha kampuni inayotaka kufikisha intaneti Inyonga au Mishamo ikazinunue kwake, na gharama imwangukie mwenye duka anayenunua bando. Mlango usifunguliwe kabla kampuni za ndani hazijapata za kutosha.