Wekeni Vigingi Kabla ya Miche

Kwa Magavana wa Kaunti za Kisii na Nyamira,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mabonde yetu. Sironga, karibu na mji wa Nyamira, ni eneo oevu ambalo limechimbwa mitaro ili likauke. Palipokuwa na mafunjo pamepandwa mikaratusi, na udongo wa mfinyanzi unachimbuliwa kufyatulia matofali. Mabonde madogo yasiyo na jina kwenye ramani yamepatwa na hayo hayo, Kisii na Nyamira.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa uchimbaji wa bahari kwa ajili ya bandari mpya uliharibu mikoko na maeneo ya uvuvi. Wavuvi wale walikuwa na wa kumshtaki. Sisi tutamshtaki nani? Huku kwetu kila mtu anachimba mtaro wake, katika shamba lake, kwa jembe lake. Ndiyo maana nawageukia ninyi: Katiba imezikabidhi kaunti kazi ya kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji.

Mkulima simlaumu. Shamba aliloachiwa na babake limegawanywa hadi likabaki kipande, na bondeni ndiko mkaratusi unakokua haraka. Ukikatwa unachipua tena bila kununua mche. Soko lipo: mafundi wanataka nguzo, na viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukaushia chai mwaka mzima. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya maji ing'olewe. Mikaratusi ingalipo, kwa sababu amri haimlipii mtu karo ya mtoto.

Linaloniuma zaidi ni hesabu ya miti. Serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na mkaratusi uliosimama juu ya chemchemi iliyokauka unahesabika kuwa mti sawa na mwingine wowote. Tunaweza kufikia lengo hilo huku akina mama wakizidi kwenda mbali kuteka maji. Na hasara haiishii kwetu. Mto Gucha unaanzia milima ya Kiabonyoru, unashuka Kisii, unaingia Migori ukiitwa Kuja, hadi Ziwa Victoria. Eneo oevu hupunguza kasi ya maji ya mvua, huchuja matope, kisha huyaachilia maji hayo polepole wakati wa kiangazi. Likikauka, mafuriko na matope huwafikia watu wa Nyatike, kule Migori, ambao hawakuchimba mtaro hata mmoja.

Naomba vigingi viwekwe, wenye mashamba na jumuiya za watumiaji maji wakiwapo, kuonyesha mpaka wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto ambao kanuni za maji zimeuweka tangu 2006. Vitalu vya kaunti visitoe mche wa mkaratusi kwa mtu wa bondeni. Apewe mianzi, au mbegu za nduma, zao linalostawi penye maji na ambalo soko lake tunalijua. Kaeni pia na wakurugenzi wa viwanda vya chai mkubaliane kwamba kuni zitanunuliwa kutoka mashamba ya mlimani tu.

Anzeni na Sironga, kabla ya mvua za Machi, maana mitaro ya huko bado inaweza kuzibwa.

Wenu,
Mkazi wa Nyamira