Utitiri hufuata unyevu

Utitiri ukiingia kwenye beseni la mabuu, kutupa pumba pekee hakutoshi. Chanzo ni unyevu. Nafuga mabuu wa mbawakawa wa unga kwa ajili ya mijusi wangu, na siku nilipoona vumbi la rangi ya maziwa likitembea ukingoni mwa beseni, nilijua karoti ninazowapa mabuu zimezidi na kuleta unyevu. Vumbi hilo ni utitiri wa nafaka: haunyonyi damu ya mjusi, lakini hugombania chakula na mabuu na huzaana upesi mno. Niliwachekecha mabuu, nikaosha beseni kwa maji ya moto, nikalianika juani mpaka likakauka kabisa. Sasa pumba mpya hukaa kwanza kwenye friza siku kadhaa, na karoti hailali ndani ya beseni. Jamani, msipulize dawa ya wadudu! Itawaua mabuu, na mjusi atakayewala atadhurika.