Uvumi Wasema Kiswahili, Sayansi Je?

Wamo miongoni mwetu walimu wa Kiswahili, tena walimu wa miaka mingi, washikiliao kwamba chembechembe za nano na kazi zake katika tiba si mambo ya Kiswahili. Hayo, husema, yafundishwe kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kwa wale waliosoma zamani. Kiswahili kibakie na hadithi, mashairi na bei ya viazi sokoni. Rai hii tumeisikia hapa Nengo, mjini Gisenyi, ikitolewa kwa utulivu kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Sisi tunaipinga, na sababu zetu hatukuzitoa vitabuni.

 Chanjo ya korona ilifika Rwanda kwa wingi Machi 2021, nao watu walitaka majibu siku ile ile. Sehemu ya shehena hiyo ilikuwa ya Pfizer. Hapa mpakani, ambapo watu huvuka kwa miguu kila siku baina ya Gisenyi na Goma na kukutana katika Kiswahili, uvumi ulitangulia chanjo yenyewe. Ulidai kwamba ndani ya sindano kimetiwa kidude kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, kitakachomfuata mtu popote aendapo. Uvumi huo ulisema Kiswahili safi, na kila mchuuzi aliweza kuusimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Maelezo ya wataalamu yalikuwamo katika karatasi za Kiingereza. Mwananchi akiuliza, aliambiwa: "Hakuna kitu humo, usiwe mjinga."

Jibu hilo halikuwa la kweli, na sisi walimu tulilirudia. Kitu kidogo mno kimo. Ni kitone cha mafuta chenye upana wa nanometa 100 hivi, na ndani yake umefungwa ujumbe uitwao RNA, ambao huziagiza seli za mwili zitengeneze kipande kimoja tu cha kirusi, ili kinga ya mwili ipate kukitambua. Ujumbe huo ni dhaifu. Ukiachwa wazi huvunjwavunjwa mwilini kabla haujafika, wala hauwezi kupenya ndani ya seli peke yake. Ndiyo sababu chanjo ile ilihifadhiwa katika baridi ya takriban digrii 70 chini ya sifuri, na ndiyo sababu ikatafutwa bahasha ya mafuta. Kazi ikiisha, ujumbe huvunjika, na mafuta nayo mwili huyavunja na kuyaondoa. Hamna waya wala redio. Lau tungaliyasema hayo kwa maneno haya haya, msikilizaji angalikuwa na kitu cha kupimia uvumi. Kumkanushia mtu jambo ambalo nusu yake ni kweli ni kumkabidhi kwa mwongo.

Watatujibu: istilahi ziko wapi? Neno "dawa" tulilipokea kutoka Kiarabu, "shule" kutoka Kijerumani, na hakuna anayelala njaa kwa ajili hiyo. "Nano" asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mbilikimo. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita; unywele wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Mwanafunzi wa darasa la sita huyaelewa hayo. Wala hatuwaungi mkono wale wa upande wa pili, ambao wakikutana na neno geni hulitungia jina refu kama msafara wa malori ya forodhani, kisha wakalifungia kabatini.

Tena mfano bora kabisa uko mikononi mwa majirani zetu. Wahudumu wa afya wa vijijini, ambao kwa Kinyarwanda huitwa abajyanama b'ubuzima, hupima malaria kwa kijibamba cha plastiki chenye utepe ndani yake. Hutiwa tone la damu, hufuatiwa na matone ya maji ya dawa, kisha mtu husubiri robo saa hivi. Msitari mwekundu ukitokea mahali pake, vimelea vimo. Wekundu ule si damu. Kwa kawaida ni dhahabu! Dhahabu ikisagika hata ikawa chembe za nanometa 40 au pungufu, huacha rangi yake ya manjano ikawa nyekundu; Michael Faraday aliyachunguza maajabu hayo huko London na kuyatangaza mwaka 1857. Chembe 2,000 za namna hiyo zikipangwa moja baada ya nyingine zitatosha upana wa unywele mmoja. Kila chembe imevishwa kingamwili ziwezazo kuinasa protini ya kimelea cha malaria. Chembe zikiisha kuinasa, husafiri pamoja na damu katika utepe, zikazuiwa kwenye msitari na kurundikana hapo mpaka jicho likaziona. Msitari wa pili huonyesha tu kwamba kipimo ni kizima.

Mama aliyekaa na mwanawe mwenye homa akiutazama msitari huo ametumia nanoteknolojia, na hakuna aliyemwambia. Kwa nini tusimwambie?

Ziko na dawa. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu huwaua wengi wenye UKIMWI, na dawa yake ya zamani, amfoterisini, hudhuru figo. Ikifungwa katika viputo vidogo vya mafuta, ukali huo hupungua. Majaribio yaliyofanywa katika nchi tano za Afrika, zikiwamo hospitali za Kampala na Mbarara nchini Uganda, yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa iliyofungwa hivyo, pamoja na vidonge vingine, haishindwi na matibabu ya siku nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Bei yake ni kisa kingine.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Desemba 2023 kampuni ya Kijerumani ya BioNTech ilizindua mjini Kigali mahali pa kutengenezea chanjo za RNA. Mambo hayo mawili yamekaa katika nchi moja bila kujuana, na sisi ndio tuliopaswa kuyatambulisha. Twataka basi kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa somo la sayansi kwa Kiswahili, lenye mchoro, litakaloweza kunakiliwa ubaoni.

Sisi tumekwisha kuanza. Tulipochora utepe ule wa malaria, mwanafunzi mmoja aliuliza kama vipimo vilivyotumika vyaweza kuokotwa ili dhahabu yake iuzwe. Tulimjibu kwamba vina damu ya watu na havishikwi, na kwamba dhahabu iliyomo haitikisi hata mizani ya sonara. Akauliza tena: ni vipimo vingapi basi vitakavyoitikisa? Hesabu hiyo tumeiacha ubaoni mpaka Jumatatu.