Majina ya Mababu Tuyaandike Mapema

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliwausia wafanyabiashara, lakini mimi naona kwamba ukoo nao ni mali, na wengi wetu hatuna daftari lake.

Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu hapa Kitengela waandike majina ya wazazi wa babu zao. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Mvulana mmoja aliniletea karatasi tupu, akasema kwa haya: "Mwalimu, babu yangu namwita Babu tu." Simlaumu. Kosa ni letu sisi watu wazima.

Si kwamba Wamaasai wa Kajiado hawakuwa na utaratibu. Mwanamume alijulikana kwa neno "ole" na mwanamke kwa "ene", kisha likafuata jina la nasaba yake. Palikuwa pia na ukoo, na palikuwa na rika. Mzee akiulizwa umri aweza kutaja rika lake tu, Ilnyangusi au Iseuri, na ajuaye mfuatano wa marika atakadiria miaka bila taabu.

Kalamu ya mkoloni ndiyo iliyovuruga mambo. Olonana aliandikwa Lenana, na kwa tahajia hiyo kilele cha Mlima Kenya kinaitwa hadi leo. Parsaloi ole Gilisho, aliyepinga kuhamishwa kwa Wamaasai kutoka Laikipia, katika nyaraka za Waingereza ni Legalishu. Mwanafunzi atakayemtafuta kwa jina lake halisi katika Hifadhi ya Nyaraka jijini Nairobi huenda asimwone.

Nasi tumeendeleza mchafuko huo. Katika fomu za shule "ole" huachwa, ndugu mmoja akaandika jina la baba na mwenziwe la babu. Si jambo dogo. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, na hati zikatolewa kwa majina ya wanachama. Mwenye hati akifariki, warithi hulazimika kuthibitisha nasaba yao mahakamani. Ndugu wa tumbo moja wenye majina mbalimbali watatumia fedha na viapo kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua!

Matatizo haya si yetu peke yetu. Wafaransa waliohamia Quebec, huko Canada, tangu karne ya 17, walikuwa na desturi ya majina mawili ya ukoo yaliyounganishwa kwa neno "dit", yaani "aitwaye". Katika ukoo wa Hudon dit Beaulieu, baadhi ya wajukuu wakawa Hudon na wengine Beaulieu. Hata hivyo, vizazi vyao hufuatilia nasaba hadi kwa mhamiaji wa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu mapadri waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko, na mke aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake. Lililowaokoa ni daftari.

Kuna watakaosema kwamba kwa mila ya Kimaasai si kila marehemu hutajwa jina. Ni kweli, na mila hiyo yastahili heshima. Mwanafunzi na aombe ruhusa kwanza. Jina ambalo mzee hataki kulitamka lisilazimishwe. Na iandikwe "kifungua mimba wa fulani, wa rika fulani". Nasaba haitakatika.

Walimu wenzangu, likizo ijayo tuwape wanafunzi zoezi hili: babu na nyanya wa pande zote mbili, ukoo, rika, mahali walipozaliwa, na kila namna ambavyo jina limewahi kuandikwa. Majina ya kina mama yasisahauliwe, maana hayo ndiyo hupotea kwanza.

Nanyi wanafunzi, msingoje matanga ndipo muulize. Atakayejibu ndiye mtakuwa mnamzika.