Meya Mmoja au Kamati?

Baraza la Mji wa Bristol, huko Uingereza, lina madiwani 70 wachaguliwao na raia. Mwaka 2012 raia waliulizwa kama wataka kumchagua Meya wao wenyewe, wakakubali. Mwaka 2022 wakaulizwa tena, wakaukataa umeya huo. Tangu Mei 2024 kazi zaongozwa na kamati za madiwani. Yawezekana mtu akawaita vigeugeu. Mimi sioni hivyo: mwenye shamba ana haki ya kubadili mlinzi. Kosa lao ni jingine. Mara zote mbili hata theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura haikufika. Basi wachache waliwaamulia wengi. Asiyekwenda kupiga kura asimlaumu Meya wala kamati. Ajilaumu nafsi yake.