Mtafuta hataza hana budi kujua maneno

Muhula uliopita nilijiwa na vijana watatu wa uhandisi, wakiongozwa na mwalimu wao, kuniomba msaada katika kazi ambayo mwanzoni niliiona haihusiani hata chembe na isimu. Walikuwa wakiunda programu ya tarakilishi ya kupekua hifadhi za hataza kwa maneno msingi. Hataza, kwa msomaji asiyelizoea neno hili, ni haki anayopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asiutengeneze wala kuuuza uvumbuzi wake bila idhini, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka 20. Sharti lake kuu ni kwamba uvumbuzi uwe mpya. Upya huo hupimwa kwa kutafuta: je, yupo aliyewahi kulieleza jambo hili kabla?

Programu yenyewe haikuwa na kasoro. Walikuwa wamekusanya ikisiri nyingi kutoka Espacenet, hifadhi ambayo Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliufungulia umma bila malipo mwaka 1998. Kijana mmoja, ambaye nyanya yake huchanganya majani makavu ya mwarobaini na mahindi ghalani ili yasitobolewe na wadudu, akaandika "mwarobaini". Hakupata kitu. Akaandika "neem", matokeo yakamiminika. Akaandika "Azadirachta indica", yakaja mengine ambayo hayakuwemo katika orodha ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nimeitwa.

Mashine ya aina hii hulinganisha herufi, maana haiijui. Waandishi wa hataza nao wana desturi ya kukwepa jina la kawaida la kitu. Kalamu wataiita chombo cha kuandikia, ili haki yao ienee hata kwenye chaki. Kwa hiyo mtafutaji aliye na neno moja tu mkononi ni kama mvuvi mwenye wavu wa tundu moja. Anahitaji visawe, jina la kisayansi, majina ya kibiashara, kisha aviunganishe kwa "au". Na anapotaka kupunguza mafuriko ya matokeo, atumie "na". Anahitaji pia alama za uainishaji, ambazo hazitegemei lugha yoyote. Dawa za tiba zinazotokana na jamii ya mwarobaini, kwa mfano, huwekwa chini ya A61K 36/58, liwe jina la mti huo limeandikwa kwa Kijapani au kwa Kijerumani.

Vijana walikuwa pia wamejifunza kuweka nyota mwishoni mwa neno ili tarakilishi ilete maumbo yake yote. Mbinu hiyo huwafaa Waingereza, kwa kuwa maneno yao hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani: mti na miti, husaga na kinachosaga. Ukiweka nyota mwishoni mwa "husaga" hutapata "kinachosaga" hata ukikesha. Na neno "dawa" je? Kwetu ni dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya kupe. Asiyejua haya atauunda mtambo wa Kiswahili kwa kipimo cha Kiingereza, kisha alaumu Kiswahili.

Kuna wanaodhani hizi ni hoja za wasomi wasio na kazi. Wakumbuke manjano, kiungo kilicho katika kila jiko la pwani. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kuyatumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa kisayansi la India liliipinga, nayo ikafutwa mwaka 1997. Haikutosha kusema kwamba bibi zetu walijua. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilitambua ujuzi wa nchi ya kigeni pale tu ulipokuwa umechapishwa. Wahindi walileta maandishi 32, mengine yakiwa ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi. Mwarobaini nao ulikuwa na kesi yake huko Ulaya: hataza ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta yake ilibatilishwa mwaka 2000, rufani ikatupwa mwaka 2005. Miaka yote hiyo ya kesi, kwa jambo ambalo wakulima walilijua!

India haikungoja kesi ya tatu. Mwaka 2001 ilianza kujenga maktaba ya kidijitali ya ujuzi wa jadi, ikayafasiri maelezo ya matabibu wa kale katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, ili mkaguzi aliyeketi Munich ayakute anapotafuta. Hiyo ni kazi ya isimu kabla ya kuwa kazi ya umeme.

Hofu moja naiheshimu. Mzee mmoja aliniuliza, nikiandika majina ya miti yote, si nitakuwa nimemwonyesha mwizi mlango? Swali hilo si la mjinga. Ndiyo maana kwa miaka mingi maktaba ile ya India ilifunguliwa kwa wakaguzi wa ofisi za hataza tu, kwa mkataba wa kutotoa siri. Jina la mti, hata hivyo, si namna ya kuuchemsha. Orodha ya majina yaweza kuwa wazi, na maelezo ya tiba yakahifadhiwa penye kufuli.

Kosa naliona katika vyuo vyetu, changu kikiwemo. Mradi kama huu huandikishwa chini ya uhandisi, fedha zikatolewa kwa tarakilishi, na mtu wa lugha huitwa siku ya mwisho kusahihisha tahajia ya ripoti. Nimeomba kwa maandishi kwamba mwaka ujao kila kundi la aina hiyo liwe na mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa botania tangu siku ya kwanza. Sijajibiwa.

Kwa sasa tumeanza na daftari. Safu ya kwanza ni jina la kisayansi, ya pili Kiswahili, na zinazofuata ni Kikamba, Kidholuo, Kigiryama na lugha nyinginezo ambazo wanafunzi wetu huzungumza nyumbani. Mwalimu wa sekondari ambaye darasa lake litajaza ukurasa mmoja wakati wa likizo atakuwa ameipa programu ile maneno ambayo wahandisi wangu watatu hawana mahali pengine pa kuyapata. Yule kijana wa mwarobaini amekwisha kujaza wake. Nyanya yake alimpa majina manne ya mti mmoja, na mawili kati yake sikuwahi kuyasikia.