Mpira Usiwe Kisingizio

Wapo wanafunzi wenye kipawa cha kandanda wanaoiona shule kuwa kikwazo. Yafaa wamtazame Bob Wilson wa Uingereza. Babake alimkataza kutia sahihi Manchester United, kwani hakuiona kandanda kuwa kazi ya kutegemewa. Kijana akasomea ualimu Loughborough, akafundisha. Baadaye, akiwa mlinda lango wa Arsenal, alitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA mwaka 1971. Alipostaafu mwaka 1974 aliingia BBC, akatangaza michezo kwa miaka 20 kwa ufasaha wa mtu aliyezoea darasa. Nguvu za miguu huisha, elimu haiozi. Basi walimu wasimnyime mwanafunzi mpira, naye asiufanye kisingizio cha kuyakimbia masomo.